Nafasi Iliyo Chini ya Miguu Yetu ni ya Nani?

Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa na mwanafunzi wa sheria kwa vijana wa chama na wazee waalikwa, Kata ya Kipatimu, wilayani Kilwa. Tumeyaweka kama yalivyosomwa, kwa faida ya wenzetu ambao hawakufika.

  

Niliposema nitazungumzia kuzika hewa ukaa ardhini, kijana mmoja aliniuliza: hiyo inahusu nini Kipatimu, wakati barabara ya Njia Nne tu bado inatutoa jasho? Swali zuri. Naomba nilijibu kwa dakika thelathini, halafu mnihukumu.

Kwa kifupi: chini ya wilaya hii kuna miamba yenye nafasi ndani yake. Kwa miaka mingi hiyo nafasi haikuwa na thamani kwa mtu yeyote. Leo duniani imeanza kupimwa na kuwekewa bei. Na kitu kikishapimwa kinaandikiwa mwenyewe. Mimi nasema tujue ni cha nani kabla hakijapimwa, kwa sababu baada ya hapo tutakuwa tunasoma majibu gazetini.

Kuzika hewa maana yake nini

Kiwanda cha saruji, mtambo wa umeme wa gesi, kiwanda cha kusindika gesi, vyote vinatoa hewa ukaa. Hiyo ndiyo inayoongeza joto la dunia. Sasa kuna teknolojia ya kuikamata hewa hiyo palepale inapotoka, kuigandamiza, kuisafirisha kwa bomba na kuisukuma chini kabisa ya ardhi ikae huko.

Chini wapi? Watu wengi wanadhani kuna shimo kubwa kama pango. Hapana. Chukua ndoo, ijaze mchanga mpaka juu, halafu mimina maji. Maji yanaingia, si ndiyo? Yameingia wapi wakati ndoo imejaa? Yameingia katikati ya punje. Mwamba wa mchanga uko hivyohivyo. Gesi ya Songo Songo haikai kwenye pango, inakaa katikati ya punje za mchanga uliogeuka jiwe tangu zama za dinosaria.

Ili hewa ukaa ikae vizuri inatakiwa ishuke zaidi ya kama mita 800. Kina hicho, mgandamizo unaifanya iwe nzito karibu kama kimiminika. Huku juu tani moja inajaza zaidi ya mita za ujazo 500, yaani zaidi ya vyumba kumi vya kulala. Kule chini tani hiyohiyo inaingia kwenye tanki la lita 2,000. Ndiyo maana wanaitaka ile nafasi ya chini.

Lakini nafasi peke yake haitoshi. Lazima juu yake kuwe na kifuniko, mwamba usiopitisha kitu. Na hapa ndipo Kilwa inapoingia.

Majina yetu yako kwenye vitabu vyao

Mnajua kwamba jina Kipatimu linajulikana na wanajiolojia ambao hawajawahi kufika hapa? Kuna tabaka la mwamba wa mchanga ambalo wao wameliita Kipatimu, kwa sababu huku vilimani limejitokeza juu na likasomwa. Na yale matabaka ya mfinyanzi ya pwani wameyapanga kwenye kundi wanaloliita Kilwa, na ndani ya kundi hilo kuna Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Majina haya yaliandikwa rasmi mwaka 2006, baada ya watafiti kuchoronga visima vya kisayansi pwani yetu. Walikuta mfinyanzi usiopitisha maji kiasi kwamba makombe madogo ya viumbe vya baharini, ya mamilioni ya miaka, yametoka yanang'aa kama kioo.

Sasa unganisheni. Mwamba wa mchanga wenye nafasi. Juu yake, ukielekea baharini, mfinyanzi usiopitisha kitu. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa na AGIP mwaka 1974, imekaa chini ya kifuniko mamilioni ya miaka bila kutoroka. Mahali palipoweza kushika gesi muda wote huo ndipo pa kwanza mtu anapopafikiria akitafuta pa kuzika hewa ukaa.

Gesi hiyo inatolewa tangu 2004. Inapita Somanga, inakwenda Dar es Salaam kuwasha mitambo. Kila siku inapotoka, mgandamizo chini unapungua, na nafasi inabaki. Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo inatimia Oktoba 2026. Mjadala wote mnaousikia ni juu ya gesi iliyobaki. Mimi nauliza na juu ya nafasi inayobaki gesi ikiisha. Ni ya nani?

Na wateja hawako mbali. Mtwara kuna kiwanda cha saruji cha Dangote. Dar es Salaam kuna mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Lindi, pale Likong'o, zaidi ya hekta 2,000 zimeshatwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi ya kina kirefu, na mazungumzo yake yapo na Equinor na Shell. Equinor hawa ndio, wakati huo wakiitwa Statoil, walioanza kuzika hewa ukaa chini ya bahari ya Norway, pale Sleipner, mwaka 1996. Kwa miaka mingi walizika kiasi cha kama tani milioni moja kwa mwaka. Yaani kampuni yenye uzoefu mrefu kuliko zote wa kazi hii imeshakaa mezani na serikali yetu, kwa jambo jingine.

Namba inavyoweza kutudanganya

Wanapimaje? Hesabu yenyewe ni ya darasani. Unachukua eneo, unazidisha na unene wa mwamba, unazidisha na sehemu ya mwamba ambayo ni nafasi, unazidisha na uzito wa hewa ukaa kwenye kina hicho. Tufanye mfano, na nasisitiza ni mfano tu, si takwimu ya Kilwa. Kilomita 10 kwa 10, mwamba wa unene wa mita 50, nafasi asilimia 20. Unapata mita za ujazo bilioni moja. Kwa kilo 600 kwa kila mita ya ujazo, ni tani milioni 600.

Milioni 600! Kiongozi akipewa hiyo namba ataitisha waandishi wa habari kesho asubuhi.

Lakini ile nafasi si tupu. Imejaa maji ya chumvi ya kale. Hewa ukaa ikiingia haiwezi kuyasukuma yote, inapita njia zake. Kwa hiyo wataalamu wanazidisha tena na kiwango cha ufanisi, ambacho mara nyingi ni asilimia chache tu. Weka asilimia 2. Milioni 600 zimekuwa milioni 12. Weka 1, zimekuwa 6. Weka 4, zimekuwa 24. Mwamba ni uleule.

Halafu hata hiyo 12 ina madaraja yake. Kuna nafasi ya kukisia kutokana na ramani. Kuna iliyothibitishwa kwa kisima lakini haina leseni wala mteja. Kuna ambayo iko tayari kibiashara. Na kuna ambayo tayari imejazwa. Wahandisi wa mafuta duniani waliweka utaratibu wa madaraja haya mwaka 2017, makusudi ili mtu asiuze kisio kama mali.

Hili si geni kwetu. Sote tumeimbiwa futi za ujazo trilioni 57 za gesi. Wangapi waliambiwa kwamba hiyo ni gesi inayokadiriwa kuwa iko ardhini, si gesi yote itakayotoka? Watu wa Lindi na Mtwara walijengewa matumaini juu ya namba ambayo hawakuelezwa ni ya daraja gani. Mwaka 2013 Mtwara tukaona mwisho wake, watu wanauliza faida yetu iko wapi, wanajibiwa kwa mabomu ya machozi.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani, taasisi ya serikali ya jiolojia ilipima nchi nzima ikatoa majibu mwaka 2013: wastani wa tani bilioni 3,000, ikasema wazi kwamba inaweza kuwa 2,400 au 3,700, na ikachapisha namna ilivyohesabu. Afrika Kusini walitoa atlasi yao mwaka 2010: kama tani bilioni 150, lakini wakasema palepale kwamba chini ya asilimia 2 ndiyo iko nchi kavu, nyingine yote iko baharini. Hiyo ndiyo namba ya mtu mkweli, inakuja na mipaka yake. Waswahili wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalitaka, na tunataka tulisome wenyewe.

Kwa nini Kipatimu na si Songo Songo peke yake

Narudi kwa yule kijana. Kipatimu yenyewe si mahali pa kuzika hewa. Huku mwamba umetoka juu, hauna kifuniko. Tena tuna mawe ya chokaa yenye mapango, Nang'oma mnaifahamu kuliko mimi. Mahali penye mapango si pa kufungia hewa.

Ila mwamba haujui mpaka wa kata. Tabaka la mchanga linalojitokeza hapa kilimani linashuka kuelekea baharini. Ukisukuma mamilioni ya tani upande wa chini, mgandamizo unapanda, na yale maji ya chumvi yanatafuta pa kwenda. Yanaweza kusogea kufuata mwamba, na njia moja ya mwamba ni kuelekea juu, huku unakojitokeza, huku kwenye visima vyetu vya maji ya kunywa. Sisemi itatokea. Nasema hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho tathmini ya kweli inatakiwa ipime, na kukipima lazima waje huku, wapime maji yetu kabla hawajasukuma hata tani moja. Mkihesabu Songo Songo peke yake mtakuwa mmepima ndoo bila kuangalia kama ina ufa ubavuni.

Hofu hii si ya kijijini. Algeria, mahali panaitwa In Salah, kampuni za BP, Statoil na Sonatrach zilizika karibu tani milioni 4 kuanzia 2004. Setilaiti zikaonyesha uso wa jangwa unainuka taratibu, na data zikatia wasiwasi juu ya kifuniko. Mwaka 2011 wakasimamisha. Norway kwenyewe, Snøhvit, walianza 2008, mgandamizo ukapanda haraka kuliko hesabu, 2011 wakahamia mwamba mwingine. Australia, kwenye kiwanda cha gesi cha Gorgon, gesi ilianza kusindikwa 2016 lakini uzikaji ulianza 2019, na tangu hapo wanazika pungufu ya walichoahidi. Hawa wote ni watu wenye pesa na wataalamu. Walichookolewa nacho ni kupima kila siku na kukubali kubadili. Sleipner inaonyesha kazi hii inawezekana. In Salah inaonyesha kwamba anayepima lazima asiwe yule anayelipwa kwa kusukuma.

Sasa sheria

Hapa ndipo kwenye fani yangu, nivumilieni.

Tanzania haina sheria mahususi ya kuhifadhi hewa ukaa ardhini. Sheria ya Petroli ya 2015 iliandikwa kwa ajili ya kutafuta na kutoa, si kuzika. Mwaka 2022 tulipata kanuni za biashara ya kaboni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na vijiji vyenye misitu vinazifahamu. Lakini kaboni ya mti unaiona, unaizunguka kwa miguu, kamati ya kijiji inaipima kwa futi kamba. Kaboni ya chini ya mita 800 anaiona mwenye data tu.

Nafasi ni ya nani basi? Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi ni pamoja na uso wa dunia na ardhi iliyo chini ya uso huo, isipokuwa madini na petroli. Hebu fikirini. Nafasi katikati ya punje za mchanga si madini. Si petroli. Kwa tafsiri hiyo ni ardhi. Na kama iko chini ya kijiji, mwanakijiji ana hoja kwamba ni sehemu ya ardhi ya kijiji.

Upande wa pili, Sheria Na. 5 ya 2017 ya mamlaka ya kudumu juu ya utajiri na rasilimali asilia inataja udongo na tabaka la chini ya udongo kuwa rasilimali za Watanzania wote, zinazoshikwa na Rais kwa dhamana. Mwanasheria wa serikali ataishika hiyo.

Mtasema, yote si Rais ni mdhamini? Ndiyo, hata ardhi Rais ni mdhamini. Lakini tofauti iko kwenye haki ya mwanakijiji. Ikiwa ni ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaingia. Chini ya kifungu cha 4, eneo lisilofika hekta 250 likitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unakubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri anaamua baada ya kuangalia mapendekezo ya kijiji.

Kumbukeni mfano wangu: kilomita 10 kwa 10. Hizo ni hekta 10,000. Mara 40 ya ile 250. Lakini kisima chenyewe cha kusukumia hewa kinakaa kwenye hekta chache tu. Kampuni ikija itasema tunaomba hekta tano. Je, tunapima juu au chini? Tukipima juu, kijiji kinapiga kura, lakini fidia ni ya hekta tano: mikorosho, minazi, nyumba, posho ya usumbufu. Tukipima chini, fidia inaweza kuwa kubwa ila uamuzi unakwenda kwa Waziri. Kwa sheria ilivyo leo, mnaweza kukosa vyote viwili. Hilo ndilo pengo, na pengo la sheria siku zote lina mtu analolipenda.

La mwisho la sheria ni muda. Kampuni ina leseni ya miaka 25. Hewa ukaa inatakiwa ikae maelfu ya miaka. Ikivuja mwaka wa 40, unamshtaki nani? Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2009: mwendeshaji anaweka dhamana ya fedha, anafuatilia, na baada ya kufunga serikali haipokei mzigo mpaka ipite angalau miaka 20, labda ushahidi uonyeshe mapema zaidi kwamba hewa imetulia. Sisi tukinyamaza, mzigo unahamia kwetu siku kampuni inapofunga ofisi.

Tunachotaka

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza kikao hiki kipeleke mambo matano ngazi ya jimbo na taifa.

Moja. Mazungumzo yoyote ya leseni ya Songo Songo na mkataba wa Likong'o yaseme wazi kwamba haki ya kutoa gesi si haki ya nafasi inayobaki. Nafasi irudi kwa wananchi mpaka Bunge litunge sheria yake.

Mbili. Tathmini ya kwanza ifanywe na taasisi ya umma, ichapishwe kwa Kiswahili, ionyeshe kiwango cha chini na cha juu, na iseme namba iko daraja gani.

Tatu. Eneo la tathmini lifuate mwamba, si ramani ya kampuni. Maji ya visima vya Kipatimu na vijiji jirani yapimwe kabla, na majibu yabandikwe ofisi za vijiji.

Nne. Sheria iseme eneo la chini linahesabiwa, na kijiji kilicho juu kina sauti na mgao. Halmashauri ya Kilwa isiachiwe ushuru wa huduma peke yake.

Tano. Mikataba iwekwe hadharani. Hili si ombi, kifungu cha 16 cha sheria ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi ya 2015 kinaelekeza mikataba itangazwe. Na sheria mbili za 2017 zimelipa Bunge nafasi ya kuipitia. Wabunge wetu waulizwe wameitumia mara ngapi.

Kuna watakaosema tunapinga maendeleo, au tunapinga kuokoa hali ya hewa. Hapana. Sisi ndio mafuriko ya Rufiji na Matandu yanatukatia barabara, tunajua hali ya hewa imebadilika. Kama miamba yetu inaweza kuisaidia dunia, iisaidie. Ila tusije tukatoa gesi kwa bei ya wengine, halafu tukapokea moshi wao bure.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila tawi lichague vijana wawili, waende ofisi ya kijiji waulize kama kuna hati ya ardhi ya kijiji na ramani ya mipaka. Maana siku mtu akija kuulizia chini, swali la kwanza litakuwa nani ana karatasi ya juu.

 Karibuni maswali, wazee waanze.